Kilwa Kisiwani: kasri lililobomoka na funzo kwa watu wa machimbo



Ndugu Waislamu, katika Suratul-Hajj, aya ya 45 na ya 46, Mwenyezi Mungu anataja visima vilivyoachwa na makasri yaliyojengwa imara, kisha anawahoji watu kwa nini hawatembei katika ardhi wakazingatia kwa nyoyo zao. Tusomapo aya hizi, wengi wetu huwafikiria kina Adi na Thamudi walio mbali. Hata hivyo, visima na makasri ya namna hiyo tunayo hapa nchini, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Sisi tuishio Mwadui, Kahama na Geita tunastahiki kukizingatia kisiwa hicho zaidi ya wengine, kwani kilitajirika kwa dhahabu.

Dhahabu hiyo ilitoka nyanda za Zimbabwe ikashuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ndiyo iliyoitawala biashara yake. Masultani walifua sarafu zao wenyewe za shaba, na moja imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe.

Anayefika kisiwani leo huona zama juu ya zama. Msikiti Mkuu una sehemu ya kaskazini iliyo kongwe, iliyoanza kujengwa baina ya karne ya 11 na ya 12, na upanuzi wa kusini wenye makuba na matao ulioanza karne ya 14. Juu ya jabali linaloelekea bahari limo kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa. Upande mwingine lipo Gereza, ngome iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na ngome ya Wareno.

Aliyejenga Husuni Kubwa ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa dini. Anasimulia kuwa baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa zile zote. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo tusimame, tusisifu tu. Ukarimu huo ulihesabiwa kwa vichwa vya binadamu. Na mwaka 1776 sultani mwingine wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Hali Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba amuuzaye mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yake Siku ya Kiyama. Kuipenda historia yetu si kuifichia aibu zake.

Utajiri haukuwalinda. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliutoza mji kodi kwa vitisho vya mizinga, na mwaka 1505 jeshi la Francisco d'Almeida likauteka na kuupora. Kasri lile lenyewe halikukaliwa muda mrefu.

Ndugu zangu, almasi ya Mwadui imechimbwa tangu Williamson alipoanzisha mgodi mwaka 1940. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza mwaka 2009 na kufikia 2021 uchimbaji ulikuwa umekoma. Kila shimo lina mwisho wake. Swali la kila familia ni hili: shimo likifungwa, kitabaki nini?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Basi mwenye dhahabu iliyofikia nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa zama hizi huikadiria kuwa gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, atoe zaka yake asilimia mbili na nusu. Mwenye duka la vifaa vya wachimbaji asipunje mizani wala asimdhulumu kibarua ujira wake. Tuchimbe visima, tusomeshe mayatima, tuweke wakfu kwa ajili ya madrasa.

Na tuwapeleke watoto Kilwa. UNESCO iliitangaza urithi wa dunia mwaka 1981, ikaiweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuiondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mtoto aliyeona mihrabu iliyosimama penye kasri lililoanguka atafahamu bila hotuba ndefu.

Ewe Mola wetu, tujaalie mali ya halali, na utujaalie kuitanguliza mbele yetu kabla haijatuacha. Amin.