Kutafakari kwa Kutembea: Utulivu wa Mwili na Sala ya Moyo



Baadhi ya waamini huuliza: je, Mkristo aweza kufanya tafakari ya kutembea, inayosifiwa kwamba hutuliza akili na kulinda afya? Swali hili ni halali, kwani zoezi hilo limejulikana sana kupitia watawa wa Kibudha, ambao hutembea polepole wakizingatia kila hatua na kila pumzi.

Kuhusu mwili, jibu ni jepesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea nusu saa kwa kukaza mwendo, siku tano, kwafikia kiwango hicho cha chini. Moyo huimarika, shinikizo la damu hudhibitika, usingizi huwa mzuri zaidi. Kwa kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19), kuutunza ni wajibu wetu.

Kuhusu roho, Mama Kanisa ametupatia mwongozo. Tarehe 15 Oktoba 1989, Kongregasio ya Mafundisho ya Imani iliwaandikia Maaskofu barua iitwayo *Orationis formas*, juu ya tafakari ya Kikristo. Barua hiyo haikatai kupokea yaliyo mema kutoka mapokeo mengine, mradi yasififishe kiini cha sala yetu. Hata hivyo yaonya kwamba mazoezi ya mwili huweza kuleta utulivu na hisia za kupendeza, na ni kosa kuzidhania hizo kuwa ndizo faraja za Roho Mtakatifu. Mtu aweza kutulia bila kusali; aweza pia kusali kwa dhati huku moyo wake ukihangaika. Sala ni kukutana na Mungu, si kujisikia vizuri tu.

Tuwatazame wafuasi wawili wa Emausi (Lk 24:13-35). Walitembea kama kilomita 11 wakiwa na huzuni. Kilichowasha mioyo yao si mwendo wenyewe, bali Yeye aliyeandamana nao.

Basi, tufanyeje? Tuchague njia salama, tuzime simu. Dakika chache za mwanzo tusikilize pumzi na hatua zetu, mabega yalegee. Kisha tuchukue neno moja la Injili ya siku, au fumbo moja la Rozari, tulitafakari bila haraka. Mwishoni tusimame kidogo, tushukuru, tumwombee mmoja wa wale tuliokutana nao njiani. Mwenye maradhi ya moyo apate kwanza ushauri wa daktari. Naye asiyeweza kutembea asijione amepungukiwa, kwa maana Bwana humjia hata kitandani.

Siku nyingine tutarudi nyumbani tukiwa bado na wasiwasi. Tusikate tamaa. Wale wawili nao hawakumtambua Bwana wakiwa njiani. Walimtambua mezani, katika kuumega mkate.