Bamba la Mashine ya Kukata Majani

Mombasa ni kisiwa, na upepo wa chumvi hula chuma upesi. Majani mabichi yakiachwa chini ya bamba linalofunika visu vya trekta ndogo ya bustani, kutu huanzia huko. Bamba likitoboka, jiwe lililopigwa na kisu laweza kupita na kumjeruhi mtu.

Kwanza chomoa waya wa plagi. Kisha fungua bamba na visu. Kwangua kwa brashi ya waya, ugonge kwa nyundo ndogo: palipoliwa patatoboka. Fundi akate hapo mpaka afikie chuma kizima, achomelee kiraka cha unene ule ule. Osha chumvi kwa maji matamu, kausha juani, upake siku hiyo hiyo rangi ya kuzuia kutu. Halafu rangi ya juu mara mbili, hasa upande wa chini.

Kumbuka: rangi huficha kutu, haiiponyi.