DATA ZA SIMU ZA MKONONI NA UCHUNGUZI WA MWENDO WA WATU: MFANO WA KENYA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna data za simu za mkononi zinavyotumika kuchunguza mwendo wa watu baina ya maeneo, pamoja na mipaka ya data hizo. Sensa huuliza mtu alikozaliwa na anakoishi. Kwa hiyo hudhihirisha uhamaji wa muda mrefu, lakini safari za siku chache huziacha nje. Simu huziba pengo hilo, kwani kila mtu apigapo simu au atumapo ujumbe, kampuni huhifadhi wakati na mnara uliohusika.

2.0 Safari na Malaria

Wesolowski na wenzake (2012) walichunguza rekodi za watumiaji wapatao milioni 15 nchini Kenya, za Juni 2008 hadi Juni 2009, zilizopitia minara 11,920. Utambulisho wa watumiaji ulifichwa. Makazi ya kila mmoja yalikadiriwa kutokana na mahali alipoonekana zaidi. Alipoonekana kwingine, alihesabiwa kuwa amesafiri. Safari hizo zilipolinganishwa na ramani ya malaria, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya vimelea vinavyobebwa na wasafiri hutoka eneo la Ziwa Victoria na kuelekea Nairobi, ambako maambukizi ya papo hapo ni machache. Hivyo basi, kudhibiti malaria kandokando ya ziwa ni kuukinga pia mji mkuu.

3.0 Simu na Mwenye Simu

Kiswahili hutofautisha kuhama, kusafiri, kuzuru na kupita njia. Mnara hautofautishi, mipaka hiyo huwekwa na mtafiti. Aidha, kinachohesabiwa ni kadi ya simu, si mtu. Vijijini simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa, na watoto wadogo, ambao malaria huwadhuru zaidi, hawana simu. Uchunguzi wa 2013 wa Wesolowski na wenzake ulionyesha kwamba tofauti za umiliki wa simu nchini Kenya hazikupotosha sana makadirio ya mwendo kwa jumla. Hata hivyo, makadirio sahihi ya jumla hayaelezi ni nani aliyesafiri na mtoto, wala kwa nini.

4.0 Hitimisho

Kwa mwanaisimu, data hizi zaweza kuonyesha mahali ambapo wasemaji wa lahaja mbalimbali huenda wakakutana, lakini si lugha wanayozungumza wakutanapo. Kwa hiyo, data za simu zitumike sambamba na mahojiano, hasa pale ambapo matokeo yataamua dawa na vyandarua vipelekwe wapi.