Je, Darubini Juu ya Bunduki ya Punje Yamfaa Mchezaji?

Wasomaji wengi wa gazeti letu hawajapata kuuona mchezo nitakaoueleza hapa, wala mimi mwenyewe sijaucheza. Lakini swali lililomo ni swali la lenzi, na lenzi sisi wa Kidato cha Nne tumezisoma muhula huu mpaka tumeziota usiku, basi naona si vibaya nikilijibu mbele yenu. Swali lenyewe nililetewa wakati wa likizo na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anafanya kazi Leicester huko Uingereza. Siku zake za mapumziko hucheza mchezo uitwao easofti. Ameweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu, na sasa ataka kununua darubini yenye kukuza mara tisa aifunge juu ya bunduki yake ya mchezo. Akaniuliza: je, itamfaa? Fedha zile ni jasho lake, na huku nyumbani wako watu wanaozitazamia pia, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Kwanza nieleze mchezo. Ulianza Japani katika miaka ya 1970. Huko sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958 humzuia raia wa kawaida kumiliki bunduki hivi hivi, na waliozipenda wakatengenezewa za mfano, zenye kutupa punje ya plastiki ya unene wa milimeta 6 kwa nguvu ya springi au ya gesi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki ya mfano inayoendeshwa kwa mota na betri, na mchezo ukazidi kuenea katika nchi nyingi. Wachezaji hugawanyika pande mbili, porini au katika majengo matupu, na kila upande hujifunga kitambaa cha rangi yake mkononi. Anayepigwa na punje hupaza sauti, huinua mkono, na kutoka. Punje haiachi alama ya rangi nguoni, kwa hiyo hakuna ushahidi ila uaminifu wa mtu mwenyewe. (Nimewaza jinsi mchezo huu ungekwenda katika bweni letu. Nadhani tungecheza mpaka usiku wa manane bila mtu hata mmoja kukubali kwamba amepigwa.)

Sasa tuitazame punje, maana jibu lote limo ndani yake. Ile ya kawaida ina uzito wa gramu 0.20. Japani, tangu sheria yao iliporekebishwa mwaka 2006, nishati ya punje haitakiwi kufika hata jouli 1. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, kikomo ni jouli 1.3 kwa bunduki inayotupa mfululizo, na jouli 2.5 kwa inayotupa moja moja. Kila aliyesoma nishati ya mwendo aweza kupiga hesabu: punje ya gramu 0.20 yenye jouli 1 hutoka kwa mwendo wa meta 100 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya vita ina uzito wa kama gramu 9 au 10, nayo hutoka kwa meta 800 na zaidi kwa sekunde. Nishati yake ni jouli zipatazo 3,000.

Basi vitu hivi viwili, ingawa vyatoka katika mitutu inayofanana kwa sura, havisafiri sawa hata kidogo. Chukua kokwa la embe ulitupe kwa nguvu zako zote, kisha chukua ganda la karanga ulitupe kwa nguvu zile zile. Ganda hutoka mkononi kwa kasi, lakini hewa hulikamata palepale. Punje nayo ni hivyo hivyo. Mwalimu wetu wa fizikia alinisaidia kupiga hesabu ya ukinzani wa hewa, tukaona kwamba punje ya gramu 0.20 iliyotoka kwa meta 100 kwa sekunde, ikifika umbali wa meta 30 imebakiwa na theluthi moja tu ya mwendo wake. Kufika meta 50 yahitaji zaidi ya sekunde moja. Katika muda huo mtu anayekimbia amekwisha ingia nyuma ya mti, na tena ameketi. Upepo mwepesi wa meta 3 kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni, wenye kutikisa majani tu, huisukuma punje ile kando kwa meta mbili au tatu kabla haijafika meta hizo 50.

Watengenezaji wamejitahidi. Ndani ya mtutu huwekwa kipande cha mpira kinachoigusa punje kwa juu, nayo hutoka ikijizungusha kinyumenyume. Hewa huiinua, kama vile huupinda mpira wa miguu uliopigwa kwa ubavu wa kiatu. Kwa njia hiyo punje husafiri karibu sawasawa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, halafu huanguka ghafla. Wengine hutumia punje nzito zaidi, za gramu 0.25 au 0.30, ambazo haziishiwi mwendo upesi. Hata hivyo, kwa bunduki nyingi za mchezo huu, kumpata mtu kwa uhakika huishia kama meta 40 hadi 60.

Swali la kaka yangu sasa lageuka kuwa hivi: je, katika meta 50 jicho lahitaji msaada?

Jicho zima la binadamu laweza kutenga vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa meta 50 hiyo ni kama sentimeta moja na nusu. Ili nisiseme maneno ya vitabuni tu, niliomba ruhusa nikaazima darubini ya macho mawili ya chama chetu cha wanyama, iliyoandikwa 8x30. Uwanja wetu wa mpira una urefu wa meta 100, kwa hiyo kutoka mstari wa kati hadi golini ni meta 50. Rafiki yangu alisimama golini kwenye jua, amefunga kitambaa chekundu mkononi, na kunyosha vidole. Bila darubini niliiona rangi, nikavihesabu vidole vyake bila taabu. Kisha aliingia chini ya miembe iliyo nyuma ya goli, akasimama kivulini karibu na shina. Hapo mambo yalikuwa mengine. Kwa macho matupu nilijua kuna mtu, lakini rangi ya kitambaa sikuweza kuapa; kwa darubini nikaiona, na hata tawi lililokuwa mbele ya uso wake nikaliona.

Tukafanya na jambo la tatu. Alikimbia kukatiza mbele yangu kama meta 15 hivi, nami nikajaribu kumfuata kwa darubini. Sikumpata hata mara moja. Niliona majani, nikaona mguu, nikaona majani tena. Wenzangu waliokuwa wakitazama walicheka sana.

Sababu yake si uzembe wangu, ni maumbile ya chombo. Ukikuza kitu unapunguza upana wa mahali unapopaona. Darubini ya bunduki yenye kukuza mara nne, kwa kawaida, huonyesha upana wa kama meta 10 kwenye umbali wa meta 100. Kwa meta 20 basi, waona meta 2 tu, yaani mlango wa nyumba na ukuta kidogo. Ile ya mara tisa ambayo kaka yangu aitamani huonyesha chini ya nusu ya hapo. Ndugu msomaji aweza kujaribu sasa hivi: kunja gazeti hili liwe bomba, lipeleke jichoni, halafu jaribu kuvuka chumba kilichojaa watu.

Tena mkono wa binadamu hautulii. Darubini inayokuza mara tisa hukuza na mtetemeko wa mkono mara tisa, hasa kwa mtu aliyetoka kukimbia na moyo wamwenda mbio. Na mwanga nao hupungua. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa idadi ya kukuza, utapata unene wa mwali unaoingia jichoni: darubini ya 4x32 hutoa milimeta 8, ile ya 9x32 hutoa tatu na nusu tu. Mchana wa jua hutaona tofauti, maana mboni yenyewe imejifunga mpaka milimeta mbili au tatu. Lakini katika msitu wa Uingereza jioni ya mwezi wa Novemba, mboni ya kijana hufunguka karibu milimeta 7, na ile darubini kubwa itamwonyesha giza.

Darubini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za kweli hurekebishwa kiwandani kwa shabaha iliyo umbali wa meta 100 hivi. Ukitazamia kitu kilicho karibu sana, picha huwa na ukungu, na ule msalaba wa nyuzi wa kulengea huonekana kuhama kila usogezapo jicho. Alama ndogo zilizochorwa chini ya msalaba, za kukadiria jinsi risasi inavyoshuka, zilipimwa kwa risasi nzito. Kwa punje ni mapambo tu.

Jambo ninalolihofia zaidi ya hayo yote ni uso. Darubini ya bunduki hutaka jicho liwe nyuma yake kwa sentimeta 7 hadi 10, katikati kabisa, na shavu limelala juu ya kitako. Mchezaji wa easofti lazima avae miwani ya kinga wakati wote, na wengi huvaa na kifuniko cha mdomo, kwa sababu punje ya jouli moja, isiyovunja ngozi ya mkono, yatosha kupofusha jicho. Kwa mavazi hayo shavu halifiki kitakoni. Mtu huona duara jeusi lenye tundu dogo la mwanga. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja cha kuinua miwani kidogo, kwa nukta moja tu, ili aone vizuri. Nilimwandikia kaka kwamba darubini yoyote isiyotazamika huku miwani ikiwa mahali pake, hata akipewa bure, airudishe.

Sisemi kwamba darubini haina kazi. Yule mwenye bunduki ya kutupa moja moja, yenye jouli zaidi na punje nzito, hulala mahali pamoja na kungoja. Viwanja vingi humkataza kumpiga mtu aliye karibu, mathalani chini ya meta 30. Mchezaji wa namna hiyo, katika uwanja mpana, hufaidika na kukuza mara tatu au nne. Humtofautisha adui na mwenzake kivulini. Huiona punje yake nyeupe ikielea, akajua imepita kushoto au kulia, akasahihisha. Huona pia kama imegusa nguo. Faida hii ya mwisho nina wasiwasi nayo, kwani mtu aliyeona kwa darubini hudhani amekwisha kuwa mwamuzi wa mchezo, na mchezo wa uaminifu hauvumilii waamuzi wengi. Ziko pia darubini za kugeuzwa, ambazo kwa karibu hazikuzi kitu, nazo ukizizungusha hukuza mpaka mara nne. Hizo naona zina busara, ila bei yake ni kubwa.

Kwa mchezaji wa kawaida anayekimbia kama kaka yangu, chombo cha kulengea kinachofaa ni kioo chenye nukta nyekundu, kisichokuza kitu, ambacho hutazamwa kwa macho yote mawili wazi na hakijali sana jicho liko wapi. Mbele yake kibandikwe kipande cha plastiki angavu, maana kioo hupigwa na kuvunjika mara kwa mara. Kabla ya hicho lakini, anunue punje nzuri zilizo sawa kwa unene, na miwani isiyoshika ukungu wa pumzi. Mtu asiyeona kwa sababu miwani yake ina ukungu hatasaidiwa na lenzi yoyote iliyo mbele yake.

Na kama bado apenda kuona mbali, nilimshauri achukue darubini ndogo ya macho mawili, ile ya 8x21, ambayo huingia mfukoni na bei yake si kubwa. Aitumie akiwa amejificha, kabla ya kuamua aende upande gani. Hukuza karibu sawa na ile aliyoitaka, na halazimiki kumwelekezea mtu mtutu ili apate kumtazama. Barua nimemwachia mama aipige picha na kuituma kwa simu yake. Mpaka tunarudi shuleni jibu lilikuwa halijafika.