Usukani Mgumu wa Land Rover ya Zamani

Je, wajua kwamba Land Rover ya zamani inaweza kuwa na usukani mgumu wa kukutoa jasho, ilhali hakuna kifaa hata kimoja kilichokufa? Wengi wanaofufua magari haya hukimbilia kununua boksi jingine la usukani, wakalifunga, na ugumu ukabaki palepale.

Chukua mfano wa Magoma, wilayani Korogwe, iliyo katika bonde la Luengera, kati ya Usambara Mashariki na Usambara Magharibi. Ni nchi ya mashamba ya mkonge. Kwenye njia za mashamba kama hayo, vumbi kiangazi na utelezi masika, Land Rover ilijijengea heshima yake. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana utakuta mabati yake ya nje mazima mpaka leo. Lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma pia. Hivyo viwili huliwa na kutu, na shida ya usukani mara nyingi huanzia hapo.

Usukani umekaa juu ya shafti ndefu iliyonyooka, iliyomo ndani ya bomba la chuma. Chini, bomba linaishia kwenye boksi lililofungwa kwenye ukuta ule. Juu, limeshikwa na klempu chini ya dashibodi. Shafti haina kiungo cha kupinda kama zile za magari ya leo. Sasa ukuta ukikatwa sehemu iliyooza na kuchomelewa bati jipya, ukahama milimita chache tu, boksi linalielekeza bomba huku na klempu inalivuta kule. Fundi anakaza kwa nguvu, boliti zinaingia, kwa macho kila kitu kimekaa. Kumbe bomba limelazimishwa kupinda, beringi zimebanwa, na gari likitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe.

Kabla ya kulaumu bomba, chomoa fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi, kisha zungusha usukani. Ukilainika, tatizo liko mbele: kwenye boljointi, ambazo ni sita, kwenye vikombe vya magurudumu, au kwenye rilei ya usukani iliyozama ndani ya chesisi, ambayo hukwama ikikaukiwa oili. Hiyo rilei usiifungue ovyo. Ndani mna springi iliyobanwa sana, na ikifyatuka inajeruhi vibaya.

Usukani ukibaki mgumu, legeza klempu ya dashibodi. Ukilainika ghafla, umemkamata mwizi.

Dawa yake ni subira. Legeza boliti zote za boksi na klempu, rudisha boksi kwa kukaza na vidole tu, uache bomba litafute mlalo wake. Kaza boksi kwanza, huku ukizungusha usukani kila baada ya boliti moja. Halafu inama chini ya dashibodi utazame: bomba linatakiwa kulala lenyewe katikati ya klempu. Pakiwa na mwanya, ujaze kwa vibati vyembamba, au sogeza klempu ilifuate bomba. Boliti isitumike kulivuta bomba. Klempu ndiyo hukazwa mwisho.

Kuna mtindo mwingine ninaoupinga: gari likienda moja kwa moja huku usukani umekaa upande, watu huchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Boksi hurekebishwa mchezo wake likiwa katikati ya mzunguko, magurudumu yakitazama mbele. Ukiusogeza usukani peke yake, umeficha kosa na boksi linafanya kazi nje ya mahali pake. Badala yake, rekebisha urefu wa ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi.

Shafti hizi ndefu zina hatari yake. Tangu 1968 sheria za Marekani zinataka magari mapya ya abiria yawe na shafti isiyomsukumia dereva usukani kifuani gari linapogonga uso kwa uso. Land Rover za zamani zilitengenezwa bila kinga hiyo. Na shafti iliyopinda au yenye ufa haipigwi nyundo wala haichomelewi, kwa maana ikikatika barabarani dereva hana njia ya pili ya kuyafikia magurudumu. Inabadilishwa.