Rangi ya pikipiki ya theluji: petroli iliniumbua

Nilikuwa gereji napiga msasa, vidole hadi leo vinaniuma.

Huku Sudbury, kaskazini mwa Ontario, Kanada, baridi ikikolea inafika hata digrii 30 chini ya sifuri, na watu wana pikipiki za theluji kama nyumbani tulivyo na bodaboda. Kwa ambaye hajaiona: mbele ina skii mbili badala ya tairi, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini, mfano wa katapila. Aliyeifanya iwe chombo cha kila mtu ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, aliyeanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Zile za zamani ukiziona tu unazijua kwa manjano yake.

Sasa mzee jirani yangu alikuwa na moja imelala bandani miaka na miaka. Akanipa bure, kwa sharti moja: kabla hajafa aione inatembea, na iwe na rangi ile ile aliyoinunua nayo. Mzee ana miaka 81. Unakataaje?

Mimi kwa kujifanya mjanja nikanunua spreyi za kopo dukani. Ilikuwa Oktoba, gereji baridi, nikapuliza boneti ikang'aa hadi nikapiga picha. Baada ya wiki tatu namwaga petroli kwenye tangi mbele ya mzee, ikachuruzika kwenye boneti. Nikafuta na kitambaa. Jamani, kitambaa kikawa cha manjano! Mzee aliangalia boneti, akaniangalia mimi, akarudi zake ndani.

Ndipo nilipoanza kuuliza mafundi. Nilichojifunza ni kwamba rangi nyingi za kopo zinakauka kwa thina kuruka tu hewani. Inaonekana ngumu, lakini ukiirudishia kitu cha jamii ya thina, kama petroli, inalainika tena. Na baridi inazidi kuiharibu, maana rangi nyingi zinataka joto kama la digrii 20 ili zishike sawasawa. Rangi inayohimili petroli ni ile ambayo mafundi wa magari wanaiita 2K, yaani unachanganya rangi na hadina, vinaungana kabisa na havirudi nyuma. Hata hiyo ipe wiki moja hivi kabla ya kuijaribu na mafuta.

Lakini msikimbilie kopo la 2K, kwa sababu rangi nzuri juu ya kitu kichafu inabanduka vile vile. Chombo hiki kimetengenezwa na vitu vitatu tofauti. Boneti yangu ni faibaglasi: nyufa zote zichimbwe na kuzibwa kwa faiba na gundi yake, maana ukipaka puti juu ya ufa, mtikisiko utaurudisha. Bodi ya chini ya kiti ni alumini, na alumini ikipigwa msasa inaanza kujitengenezea utando upya hapo hapo, kwa hiyo praima ya epoksi ipakwe siku hiyo hiyo. Kuna na praima ya asidi, ila usizipange mbili hizo moja juu ya nyingine kabla ya kusoma karatasi ya kiwanda. Skii na bampa ni chuma. Bampa unaweza kulipeleka kwenye rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri kwa digrii kama 200. Faibaglasi usithubutu kuiweka humo. Skii upande wa chini, ushauri wangu ni usipoteze hela. Zinasuguana na barafu na kokoto, hakuna rangi itakayopona pale.

Halafu osha kwanza, msasa baadaye. Mimi nilianza kinyume, kumbe nilikuwa nashindilia oili ya miaka 50 ndani ya mikwaruzo. Sabuni ya vyombo, kisha dawa ya kuondoa grisi, kisha ndiyo msasa. Praima ikikauka, ilainishe kwa msasa namba 400 hadi 600, halafu ndiyo rangi.

Sasa kuna jambo ambalo karibu linimalize. Hadina ya 2K ina kemikali inaitwa aisosayaneti. Ukivuta mvuke wake mapafu yanaweza kupata pumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinakubana kifua. Huwezi kutegemea pua ikuonye. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 zinalazimisha mafunzo kwa anayeitumia kazini. Barakoa inayofaa ni ile yenye mrija unaoleta hewa safi kutoka nje. Mimi nilikuwa nimeshanunua ya bei poa, nimeshafunga na milango ya gereji ili joto lisitoke! Fundi mmoja aliponieleza nilikaa chini. Nikawakumbuka washkaji wa rangi kule Gerezani, Dar, niliokuwa nawaona wanapuliza magari siku nzima na leso tu puani. Kama una kaka au rafiki anafanya kazi hiyo, mwonyeshe aya hii leo, usingoje kesho.

Basi mimi nikafanya hivi: kuosha, kuziba, msasa, vyote kwa mikono yangu, maana huko ndiko saa zinakoishia. Boneti nikaipeleka kwa mwenye chumba cha kupulizia chenye feni na mitambo. Imenila zaidi ya dola 200 za kubeba boksi, na sijutii hata senti.

Jumamosi iliyopita nimeifunga. Mzee akaja na kidumu chake mwenyewe, hakusema neno, akamwaga petroli kidogo katikati ya boneti, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akafuta. Akakigeuza pande zote mbili. Kisha akaniuliza ufunguo uko wapi.