Skrubu haina kosa

Ukikaa Kewanja muda wa kutosha, mwili hujifunza kuogopa kabla ya wakati. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko pale pale, na siku ya kulipua mwamba mwenyeji hukunja mabega kabla kishindo hakijafika. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyefundisha vijana shabaha miaka yake ya kazi, alinionyesha hilo tukiwa tunakunywa chai. Akacheka. "Umeona, mura? Hicho ndicho kinachowafanya watu waharibu bastola nzima kwa bisibisi."

Alikuwa anajibu swali langu. Kuna jamaa yangu wa mjini anayecheza mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ya upepo, na kwa wiki tatu alikuwa akinilalamikia kwamba vilengeo vyake vimegoma: anavirekebisha asubuhi, jioni risasi zinakwenda kwingine.

Bastola hatukuwa nayo, na kwa masharti ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 si kitu cha kuweka mezani karibu na sukari. Mzee akaomba rula ya shule, ile ya sentimita 30. Mwisho mmoja akabandika kipande cha sabuni na kuchomeka njiti ya kiberiti. Hicho kikawa kilengeo cha mbele. Upande wa pili, kwa kilengeo cha nyuma, akasimamisha ganda la kiberiti alilolikata pengo kwa wembe. Akanipa. Njiti ikae katikati ya pengo, mwanga ulingane kushoto na kulia, kichwa cha njiti kiwe sawa na kingo za ganda.

"Sasa tikisa mkono wote." Nikatikisa. Njiti na pengo vikayumba pamoja. "Hapo hujapoteza kitu. Mkono ukisogea nusu milimita bila kupinda, tundu la risasi ubaoni nalo linasogea nusu milimita." Kisha akaisukuma njiti kidogo tu kwa ukucha, ikaegemea upande mmoja wa pengo. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: nusu milimita kwenye rula ya sentimita 30, ukiipeleka hadi mita 10, inakuwa milimita 17 hivi. Katika mashindano ya bastola ya upepo ya mita 10, duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 11.5. Nusu milimita imeshakutoa nje ya kumi.

Ndiyo maana walimu wa mchezo huu humwambia mwanafunzi aangalie kilengeo cha mbele, shabaha aiache iwe ukungu. Jicho haliwezi kuona vyote viwili vizuri kwa wakati mmoja, na anayeng'ang'ania kuiona shabaha ndiye anayeiachia njiti iegemee bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, piga risasi kumi bila kugusa kitu. Zikitawanyika kama mbegu za ulezi, hakuna skrubu itakayozikusanya; tatizo liko kwenye mshiko, kwenye pumzi, au kwenye triga. Anayetumia mkono wa kulia akiona matundu yanaanguka chini kushoto, kwa kawaida ameivuta triga kwa pupa, akiogopa mlio ambao haujalia. Mabega ya Kewanja hayo. Jamaa yangu alikuwa anarekebisha baada ya kila risasi mbaya, yaani alikuwa anaukimbiza woga wake mwenyewe ubaoni.

Zikikusanyika mahali pamoja lakini pasipo pake, hapo skrubu ina kazi. Kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka tundu liende; cha mbele, kinyume chake. Tatizo linaloumiza watu wengi ni herufi. Baadhi ya bastola za Kijerumani zimeandikwa H na T, juu na chini kwa Kijerumani, na kwenye nyingine herufi H haimaanishi "peleka juu" bali "zungusha huku kama unapiga juu". Mtu anazungusha kwa nia njema, kosa linakuwa mara mbili. Dawa ni kupiga tano, kuzungusha mibofyo michache upande mmoja, kupiga tano tena, na kuandika matokeo daftarini.

Kisha kuna ulegevu wa nyuzi za skrubu. Ukirudi ulikotoka, mbofyo wa kwanza unaweza kulia bila kilengeo kusogea. Pita kidogo, halafu rudi, kila mara ukimalizia upande uleule. Na mwanga: jua likibadilika, ncha ya mbele inaonekana nene au nyembamba, kundi zima linahama na bastola haijaguswa. Jamaa yangu alikuwa anarekebisha asubuhi chini ya paa, jioni anapiga jua likimwangazia kwa pembeni. Wiki tatu!

Nikamwambia mzee habari za Yusuf Dikeç, Mturuki aliyekuwa na miaka 51 alipopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 katika timu ya mchanganyiko na Şevval İlayda Tarhan, akisimama mkono mmoja mfukoni kama anayesubiri daladala. Hakushangaa. Alichotaka kujua ni kama kwenye skrubu zake Mturuki huyo anaweka alama.

Kwa sababu yeye aliweka. Kila alipomaliza kurekebisha, alichora kimstari cha kyutex nyekundu kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma, ili kesho aone kama imejizungusha au ni yeye. Nikamuuliza kyutex alipata wapi kambini. Akamwaga mabaki ya chai chini, akasema tuondoke.